Mstari wa Mwisho wa Ambrose Garrowby

Ngo, ngo.

Kijiko kiligonga kikombe mara mbili huko chini jikoni, halafu pakawa kimya. Winnie Sugden alifumbua macho gizani. Ilikuwa asubuhi ya siku ya pili ya Krismasi, Halifax yote bado imejifunika theluji mpaka masikioni, na mwanga wa majira ya baridi ulikuwa unachelewa kama mtoto asiyetaka shule. Ubavuni mwake Hettie, bintiye wa miaka sita, alikuwa amelala huku amemkanyaga mama yake kwa miguu yote miwili.

Ngo, ngo.

Winnie alitabasamu. Sauti ile aliijua. Alianza kuisikia tangu majani ya miti yalipoanza kuanguka, siku ambayo Ambrose Garrowby alifika na sanduku lake la bati, akapanga chumba cha juu, akaomba asiwekewe sukari kwenye chai. Nyumba ya Winnie ilikuwa nyumba ya waigizaji. Mumewe alipofariki kwa kichomi alimwachia vyumba vinne, mtoto mchanga na meza ndefu ya jikoni, naye akaviosha vyumba, akaipiga meza msasa, akafungua mlango. Wengi walipita. Walikula, wakaimba bafuni, wakaondoka Jumapili kwenda mji mwingine, na Winnie hakuwahi kumkumbuka hata mmoja baada ya kufua mashuka yake.

Mpaka huyu.

Alijitanda shali, akashuka ngazi polepole. Ambrose alikuwa amekaa mbele ya jiko la makaa, macho ameyafumba, mgongo ameukunja kama mzee wa miaka sabini na tano. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

"Nimekuamsha," alisema bila kugeuka.

"Hapana, baridi ndiyo imeniamsha."

Alidanganya, na wote wawili walijua.

"Nisikilize mara ya mwisho, Winnie. Ukurasa wa mwisho tu."

Winnie akachukua kile kitabu cha mchezo kilichochakaa pembe, akakaa mkabala naye. Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kama mtu angetaka kujua. Hapakuwa na maua wala matembezi. Ni yeye kushika kitabu jioni baada ya vyombo na Ambrose kusema maneno, mpaka siku moja akaona hasomi tena kitabu, anasoma uso.

Na uso wenyewe, Mungu amsamehe aliyeuumba, haukuwa wa kupamba ukuta. Masikio yalichomoza kama vishikio vya buli, pua ilipinda kushoto. Ukoo wa Garrowby ulikuwa ukoo wa wafalme wa jukwaani. Babu yake alicheza wafalme, baba yake Hector alicheza wafalme, na mama yake Augusta alicheza malkia mpaka watu mitaani wakawa wanampisha njia. Ambrose mwenyewe alipandishwa jukwaani angali kichanga, mikononi mwa baba yake, kama mrithi wa kiti cha enzi.

"Nikalia hadi ukumbi mzima ukacheka," alimwambia Winnie siku moja. "Ndiyo mara yangu ya kwanza na ya mwisho kucheza mwana wa mfalme."

Tangu hapo alicheza watumishi wanaoleta chai, mapadri, mahakimu, walevi, na madaktari wanaoingia mara moja tu kusema mgonjwa ameshakufa. "Nimeua wagonjwa wengi kuliko kipindupindu," alikuwa akisema, na Winnie akicheka mpaka anashika mbavu.

Lakini mchezo huu ulikuwa mwingine. Kwa mara ya kwanza mchezo wote ulikuwa mgongoni mwake. Alikuwa mzee Josiah, mlinzi wa geti la reli, aliyemfukuza binti yake wa pekee akaapa hatamfungulia tena. Na leo alasiri, pazia lingefunguliwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

Ambrose alisema maneno yake kwa sauti ya chini. Alipofika mwisho akanyamaza, akainua kijiko, akagonga kikombe. Ngo, ngo.

Kwa maana waigizaji wana miiko yao. Hawapigi mluzi ukumbini. Hawatakiani heri. Na mstari wa mwisho wa mchezo hausemwi kamwe mazoezini, hata kwa kunong'ona, mpaka watazamaji wa kwanza wawe wameketi. Wengine huruka tu, wengine hukohoa. Ambrose alikuwa akigonga.

Winnie aliutazama mstari ule kitabuni, midomo ameibana isije ikamponyoka. *Ingia ndani, mlango uko wazi.* Maneno matano tu.

"Unaogopa?" aliuliza.

"Mstari wenyewe siuogopi. Nimeshajua nitausemaje." Ambrose alifumbua macho. "Siku niliyofika hapa na sanduku langu, Hettie ndiye aliyenifungulia. Akaniambia maneno hayo hayo, unakumbuka? Hakuweka madoido, alisema tu kama mtu anayekwambia nje kunanyesha. Nitausema hivyohivyo."

"Basi unaogopa nini?"

"Mama."

Winnie akashusha kitabu. Augusta Garrowby alikuwa amefika kutoka London tangu mkesha wa Krismasi, akapanga hoteli ya karibu na stesheni. Kampuni yake ilikuwa inakwenda Australia kwa miaka miwili, na alimtaka mwanawe awe shujaa wa michezo yote.

"Ameniagizia pua," alisema Ambrose. "Ya nta. Imenyooka kama rula."

Winnie alitaka kucheka, lakini Ambrose hakuwa anacheka.

"Mchezo huu ukianguka leo, kampuni yetu inavunjika," aliendelea. "Sina kazi nyingine. Nimemwahidi mama kwamba nikianguka nitakwenda naye, na siku ya kupanda meli iko karibu. Nikifaulu..." Aliutazama mkono wa Winnie juu ya meza, ule wenye alama ya pasi. Hakuugusa. "Nikifaulu, kuna swali nitakuuliza jioni. Nikianguka sina haki ya kuuliza. Siwezi kuwa mume wa kulishwa na mashuka yako, Winnie."

Niulize sasa hivi, moyo wa Winnie ulipiga kelele. Uliza hata ukianguka, hata kama tutakula kabichi tupu. Lakini kinywa chake kilisema tu, "Chai yako inapoa, Bwana Garrowby."

"Inapoa kweli, Bi. Sugden," alijibu, na wakaangaliana kwa muda ambao ungetosha chai kuganda.

* * *

Ambrose alishaondoka kwenda ukumbini pale mlango ulipogongwa. Hettie alikimbia kufungua. Kengele ya mlangoni hakuifikia, ila komeo lilikuwa la kimo chake, na kazi ya kulifungua hakumwachia mtu.

Kizingitini alisimama mwanamke mrefu aliyevaa koti la manyoya, na kofia yenye ndege mzima juu yake.

"Mama! Kuna bibi ana ndege aliyekufa kichwani!"

"Amekufa kwa heshima, mtoto," alisema mwanamke yule. "Mwite mama yako."

Winnie alikuja akijifuta mikono kwenye aproni. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Macho yalikuwa ya Ambrose.

"Bibi Garrowby. Pita jikoni kwenye moto, tafadhali, baridi hii si ya kusimama."

"Asante, nimeshasimama. Nimezaliwa katika nyumba za kupangisha waigizaji, mwanangu. Nimekula kabichi za wenye nyumba kutoka Aberdeen mpaka Plymouth. Siku Hector aliponinunulia nyumba yangu, niliapa kizingiti cha nyumba ya namna hii sitakivuka tena mpaka nife." Alitupa jicho ndani, juu ya sakafu, ukuta na ngazi. "Ingawa nimeulizia habari zako. Mashuka safi, kunguni hakuna, na nyama hukatwa nene. Wewe ni mwanamke mwema."

"Nashukuru."

"Usishukuru bado. Unampenda mwanangu?"

Hettie alimtazama mama yake kwa hamu. Winnie alihisi damu ikimpanda shingoni.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Basi mwachie."

"Simshiki, Bibi Garrowby. Mlango wangu una komeo moja tu, na hata huyu mtoto anaweza kulifungua."

Ndege juu ya kofia alitikisika kidogo. "Una ulimi. Lakini hujui jukwaa. Unaona mzee mwenye ndevu za bandia unadhani ni sanaa. Sisi ukoo wetu ni wafalme! Babu yake akiingia, farasi mitaani walikuwa wanasimama. Mimi nimemzaa kijana huyu, halafu kila nikiingia ukumbini namwona ameshika sinia la chai. Miaka kumi na saba ya sinia!"

"Je, sinia lenyewe uliwahi kuliangalia?"

"Nini?"

Winnie hakuwahi kumjibu mtu mzima hivi maishani. "Mimi sijui wafalme, sijawahi kumpangisha hata mmoja. Ila juzi nilikuwa napika, nikasikia mtu anapanda ngazi, mkono wangu ukaacha mwiko. Nilidhani ni marehemu baba yangu. Goti lile lile la kushoto, pumzi ile ile kwenye ngazi ya juu. Nikatoka mbio. Alikuwa Ambrose. Hakuwahi kumwona baba yangu, mama. Aliniuliza tu siku moja alitembeaje." Alijifuta tena mikono kwenye aproni. "Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha. Mtu wa namna hiyo mnamwekea pua ya nta?"

Theluji ilidondoka kutoka kwenye paa, ikatua begani mwa koti la Augusta Garrowby, asiipanguse.

"Leo nitakaa kwenye boksi la upande wa kulia, pale wanapokaa wenye heshima zao," alisema mwishowe. "Nimeona michezo mingi ikifa, na dalili zake nazijua kabla mgonjwa mwenyewe hajajua. Mchezo huu ukifa, kesho asubuhi tunapanda treni, mimi na mwanangu. Na wewe hutakuja stesheni kulia lia."

"Sitalia stesheni," alisema Winnie.

Alilia jikoni, kidogo tu, juu ya bata bukini wa jana aliyekuwa anamkata vipande. Kisha akamvalisha Hettie koti, wakaenda.

* * *

Walikaa juu kabisa, kwenye viti vya bei nafuu, katikati ya wafanyakazi wa viwanda vya sufi waliokuja na machungwa mfukoni. Ukumbi ulijaa, ukanuka makoti mabichi. Winnie aliweza kuliona boksi la kulia, na yule ndege.

Pazia likafunguka. Watu walikohoa, karatasi za peremende zikachakarika, mtu mmoja akacheka mahali pasipochekesha. Mzee mmoja aliingia jukwaani na taa ya reli mkononi. Aliitundika taa, akakaa, akaanza kuvua kiatu. Alikivua kiatu kile kama mtu aliyevivua viatu peke yake kwa miaka mingi.

Kikohozi kikaisha. Karatasi zikanyamaza.

"Goti la babu," alinong'ona Hettie.

"Ndiyo, kipenzi."

Tangu hapo Winnie hakujua saa zilikwendaje. Alijua maneno yote, kila nukta, na bado aliyasikia kama mapya. Jirani yake, mwanamume mwenye mikono kama makoleo, aliacha chungwa lake nusu limemenywa. Mzee Josiah alikataa, alitukana, alizeeka mbele yao, na nyuma ya ule mlango wa mbao binti yake, aliyechezwa na Doreen Fitch, akawa amesimama kwenye mvua akingoja.

Ikafika.

Mzee aliketi mezani. Uso wake ulikuwa umelainika, kinywa kimefunguka. Winnie alishika ukingo wa kiti. Sasa, mpenzi. Sema.

Mkono wa mzee uliinuka. Ukagonga meza.

Ngo, ngo.

Halafu kimya.

Winnie alielewa kabla ya mtu mwingine yeyote mle ndani. Wiki zote zile za kugonga badala ya kusema, leo mkono ulikuwa umewahi kuliko ulimi. Mstari ulikuwa umepotea. Pembeni, nyuma ya pazia, mkumbushaji ambaye kazi yake ni kumrushia mwigizaji maneno yaliyomtoka alikuwa na kitabu mbele yake, lakini naye hakuwahi kuutamka mstari ule, na kwa mazoea alifumba mdomo. Kimya kikaendelea. Kikazidi. Ukumbi mzima ulikuwa unautazama mkono wa mzee mmoja juu ya meza, vidole vimekunjwa.

Kisha mlango wa jukwaani ukafunguka wenyewe, polepole. Doreen Fitch, maji yakimchuruzika nywele, aliingia bila kuitwa. Akamtazama baba yake. Akapiga magoti, akaweka shavu lake juu ya ule mkono uliogonga.

Pazia.

Hakuna aliyepiga makofi. Winnie alihesabu mapigo ya moyo wake akapotea. Umekufa, aliwaza. Mchezo umekufa.

Ndipo yule mwanamume wa chungwa akasema, kwa sauti nzito iliyopasuka katikati, "Eh, mzee wa watu," akasimama, akaanza kupiga mguu sakafuni. Na sakafu yote ya juu ikaitikia. Ilikuwa ngurumo. Walipiga miguu, walipiga viti, akina mama walipunga vitambaa vilivyolowa, na vijana walipaza sauti: "Mzee! Tupeni mzee!"

Mzee akatoka na goti lake. Akainama. Akavua nywele nyeupe, akasimama wima, na masikio yale mawili yakachomoza kwenye mwanga. Ukumbi ukavuta pumzi kwa pamoja. Alikuwa kijana! Makelele yalianza upya maradufu.

Winnie alikuwa analia na kucheka, Hettie amesimama juu ya kiti anapiga mluzi, mwiko au si mwiko. Winnie alipogeuka kulitazama boksi la kulia, lilikuwa tupu.

* * *

Giza la saa kumi na moja lilikuwa limeshashika Halifax Ambrose alipoingia jikoni, gundi bado iko kwenye nyusi. Hakusalimia.

"Sikuusema, Winnie."

"Niliona."

"Mkono ulinitangulia. Msimamizi amenikumbatia, anasema niendelee hivyohivyo kila siku, gazeti limetuma mtu kuniuliza nilibuni vipi. Kubuni! Nilikuwa nakufa pale." Alicheka, akakaa, akasimama tena. "Lakini mchezo haujaisha. Kwetu mstari wa mwisho usiposemwa siku ya kwanza, ni kama kuacha maiti bila kuzika. Na mama ameondoka bila kuja nyuma ya jukwaa kuniona. Hajawahi kufanya hivyo, hata nilipokuwa mbaya kabisa."

"Ambrose."

"Naam?"

"Ulisema ukifaulu kuna swali."

Alisimama akamtazama. Kisha mtu yule aliyekuwa amewaliza wafanyakazi wa viwanda, mtu aliyejua kutembea kama marehemu, akakosa kabisa pa kuweka mikono yake.

"Sijaliandaa vizuri," alisema. "Nilifanya mazoezi, lakini nikawa namsikia Josiah anauliza badala yangu."

"Uliza na sauti yako, ile mbaya."

"Utaolewa na mimi, Winnie? Na masikio haya?"

"Nitaolewa na yote mawili," alisema Winnie, "na ungeanguka leo bado ningekubali, mjinga wewe, na ningekufuata mpaka kwenye meli nikaitupe hiyo pua baharini."

Ambrose alimvuta kifuani. Alinuka gundi na poda na baridi, na Winnie akafumba macho, akahisi mwili wake wote unapumzika kwa mara ya kwanza tangu awe mjane. Hettie, kinywa kimejaa bata bukini, aliwatazama kwa makini.

"Sasa nitamwita Mjomba au Baba?"

Winnie alifungua kinywa kumjibu.

Ngo, ngo.

Safari hii ni mlangoni. Ambrose na Winnie waliachana kama watoto waliokamatwa. Hettie alishateremka kitini, akakimbia, na komeo likalia.

Augusta Garrowby alisimama kwenye theluji. Ndege alikuwa amelowa, amelala upande, na wanja wa malkia ulikuwa umechora mistari miwili mashavuni.

"Nimezunguka mji huu," alisema, akimtazama Ambrose juu ya kichwa cha mtoto. "Nilikuwa sijui nikuambieje. Pazia lilipofunguka nilikaa kumngoja mwanangu. Nikangoja, nikangoja. Mwisho nikamwinamia mtu wa pembeni, nikamuuliza, samahani bwana, Ambrose Garrowby anatokea lini? Akanishangaa. Akaniambia, mama, si ndiye huyo tangu mwanzo."

"Mama..."

"Nyamaza, hii sehemu ni yangu. Nilikuzaa mimi, Ambrose. Na sikukujua. Baba yako alicheza wafalme ishirini, na kila mmoja alikuwa baba yako. Hakuna Garrowby aliyewahi kufanya ulichofanya leo. Hakuna." Alijifuta pua kwa glavu, bila umalkia wowote. "Ile pua nimempa mwenye hoteli. Australia nitakwenda na mtu mwenye sura. Wewe baki na kazi yako." Kisha, kwa Winnie, chinichini: "Na sinia nililiangalia, mwanangu. Kichwani, nilipokuwa natembea. Yote, miaka yote kumi na saba. Ulisema kweli."

Winnie aliweka mkono kinywani.

"Lakini hukuusema mstari," Augusta alimgeukia tena mwanawe. "Jukwaani usiuseme kamwe, utaharibu. Ila leo ni lazima usemwe na mtu mahali fulani, unajua hivyo."

"Najua, mama."

Augusta akaangalia chini, kwenye kizingiti cha jiwe kilicholika katikati kwa miguu ya wasafiri. Ncha za viatu vyake zilikuwa zimekigusa. Hakusogea. Theluji ilimwangukia. Ambrose alifungua kinywa, na kwa mara ya pili siku ile sauti haikutoka. Winnie naye alitaka kusema, lakini mstari haukuwa wake. Walisimama hivyo wote watatu, watu wazima, wamekwama.

Baridi ilikuwa inaingia kwenye soksi za Hettie. Alimwangalia yule bibi, akamwangalia ndege, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Ingia ndani, mlango uko wazi."